Ombi la Desmond Kuruhusiwa Kuinuka Kitini

Nyumba ya Mwisho,
Njia ya Kinu,
Nether Cobbing.
Jumamosi, 7 Agosti 1976.

Bwana Lumley mpendwa, Katibu na Mwandishi wa Historia ya Klabu ya Krokei ya Nether Cobbing,

Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na Bi Lumley anavumilia joto. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa Desmond, na Desmond ndiye sababu ya kukuandikia.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne nikaenda kufunga biskuti kiwandani, na tangu siku hiyo sijaandika zaidi ya orodha za sokoni na kadi za Krismasi. Lakini Alhamisi nilikuwa nafuta vumbi pale kwenye banda la klabu kabla ya kupanga vikombe vya chai, nikaona umebandika ukutani kurasa zote za kitabu chako cha historia ya klabu, na juu yake umeandika kwa wino mwekundu: "Mwenye masahihisho alete kabla ya Jumatatu. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa." Nilizisoma zote nimesimama, kitambaa mkononi, mpaka birika likakauka motoni. Birika jingine nimeshaleta la kwangu, usijali. Masahihisho yangu ni haya.

1. Sura ya Tisa, "Mchezo Usiokwisha, Fahari Yetu." Unasema kwamba tarehe 13 Agosti 1949, katika fainali ya kikombe, marehemu Meja Crale alikuwa katikati ya zamu yake dhidi ya baba mkwe wangu, mzee Walter Tuckwell, mvua ikanyesha, wakachomeka vijiti kuonyesha kila tufe lilipokuwa, wakaenda kunywa chai. Hiyo ni kweli. Chai niliipika mimi, na Desmond wangu alikuwa na miaka minne amening'inia kwenye sketi yangu. Unasema pia Jumamosi iliyofuata matufe yalirudishwa mahali pake na Meja akaendelea na zamu yake, "na zamu hiyo inaendelea mpaka leo kupitia kwa mpwa wake, kwa utulivu wa kupigiwa mfano."

Bwana Lumley, haiendelei. Imeinama tu, inatazama tufe.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba katika krokei mwenye zamu hupiga tufe kwa nyundo ya mbao lipite kwenye vitao vya chuma, mpaka akose, na mwenzake hukaa kwenye kile kiti kando ya uwanja, kimya, asimsumbue. Kanuni inasema atapiga mara ngapi. Haisemi atapiga lini. Meja alilitazama lile tufe la buluu na kile kitao cha nne kwa miaka minane, akafa, akamwachia mpwa wake, Daktari Peregrine wa meno, nyumba, saa ya ukutani na zamu. Daktari naye kila Jumamosi saa nane mchana anafunga kliniki, anavaa meupe, analala kifudifudi kwenye nyasi, anafumba jicho moja, anasema, "Mmh. Upepo." Kisha anainuka, anajikung'uta magoti, anazunguka kitao. Siku isiyo na upepo analala vilevile, anasema, "Mmh. Hakuna upepo." Saa kumi na mbili anavua kofia anaaga. Miaka ishirini na saba, hakuna tufe hata moja lililoguswa. Lililoguswa ni jekundu tu, na aliyeligusa ni fuko, yule mnyama mchimba ardhi, mwaka 1963, na nakumbuka kamati mlikaa wiki tatu kuamua kama fuko alipiga au alisukuma.

2. Umeandika kwamba familia ya Tuckwell "imejitolea kwa hiari" kukalia kiti. Nani kakwambia? Baba mkwe alikaa miaka kumi na mmoja. Alifia humo, na daktari wa hospitali alisema ilikuwa kati ya saa tisa na saa kumi, lakini hakuna aliyejua mpaka saa kumi na mbili kasoro, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu siku zote na watu walidhani ameizidisha kidogo. Akafuata mume wangu Reg, miaka tisa, mpaka nyonga ikamkatalia. Sasa Desmond, mwaka wa saba. Kijana wa miaka thelathini na mmoja, Bwana Lumley! Ana mstari wa jua kwenye shavu la kushoto tu, kwa vile kiti kinaelekea upande mmoja. Mwaka huu, nyasi zimekauka zimekuwa rangi ya ngozi ya skonzi na maji tunachota kwa zamu, shavu hilo linaambuka kama rangi ya mlango. Nimemwekea kofia, nimemwekea mto, nimemwekea chupa ya maji ya ndimu na shayiri. Kuna siku Desmond aliniambia, "Mama, usiniletee sandwichi za figili. Zinalia mdomoni, na Daktari anageuka." Tangu hapo anakula mkate laini tu.

3. Hukuandika popote kwamba tulijaribu kushindwa. Hili limeniuma kuliko yote. Mwaka 1971 nilimpigia Desmond pasi shati jeupe, akaenda mbele ya kamati kusema sisi Tuckwell tumekubali, kikombe wachukue akina Crale, kwa heri. Bi Garrick-Moss, mwenyekiti wako, alimtazama juu ya miwani akasema:

"Kijana, mwenzako yuko katikati ya zamu. Unataka umkatize?"

"Hapana, bibi."

"Unataka aone kwamba anakuchosha?"

"Hapana, bibi. Samahani."

"Basi kakae."

Akakaa. Ndivyo tulivyomlea, na ninajilaumu. Hakuna katika Nether Cobbing nzima mwenye uso wa kumwambia mtu fanya haraka. Mwaka jana Bwana Pinnock wa posta alisema "Enhe?" uwanjani, mara moja tu, na mpaka leo watu wanampitia upande wa pili wa barabara.

Mimi mwenyewe niliwahi kujipa moyo. Nilijua mahali pekee ninapoweza kuwa peke yangu na Daktari ni klinikini kwake, nikajitafutia gego la kuuma. Lakini ukishakaa pale, kinywa chako kimejaa pamba na chuma. Nilisema yote niliyoyapanga, sentensi saba. Akaitikia kwa kichwa kwa upole mno, akasema, "Kabisa, Bi Tuckwell, joto limezidi." Akaling'oa. Lilikuwa zima.

Sina kinyongo naye, uelewe. Ni mtu mwema, na amekonda. Jumamosi nyingine namwekea kipande cha keki ya pili kwa siri, kwa sababu kufikiri kunakula mwili.

4. Glenys. Huyu humjui, na kitabu chako hakimtaji, ndiyo maana namtaja mimi. Ni msichana wa Aberystwyth, alikuja hapa kukaa kwa shangazi yake, akamwona Desmond kitini, akamwuliza, "Wewe ni mlinzi?" Desmond akamjibu, "Hapana, nacheza." Alicheka mpaka Daktari akaanza upya kufumba jicho. Tangu siku hiyo wanapendana. Baba yake amempatia Desmond kazi nzuri kwenye karakana ya treni huko kwao, na harusi ni Jumamosi tarehe 11 Septemba, saa saba mchana. Usiniambie waoane Jumatano. Sawa, waoane Jumatano. Halafu Jumamosi ya kwanza ya ndoa yao iko wapi? Ya pili? Ya mia tatu? Kutoka Aberystwyth mpaka kwenye kiti chenu ni treni tatu na basi.

Glenys ni mpole lakini si mpole kama sisi. Juzi jikoni kwangu alimwambia mwanangu: "Des, nimekupenda wewe, kiti sijakipenda. Tarehe kumi na moja nitasimama mlangoni mwa kanisa. Nikikuona, nimeolewa. Nisipokuona, narudi nyumbani nakula keki yote peke yangu, ghorofa zote tatu, na baada ya hapo usije tena."

Desmond akaja kwangu amepauka hata lile shavu la jua. "Mama, nitamwambiaje Daktari? Atadhani nimechoka naye."

"Si umechoka naye?"

"Nimechoka naye sana. Lakini asije akajua!"

Mama gani atalala na maneno hayo? Nilimwuliza Reg nikakalie mimi. Reg akasema kanuni inataka damu ya Tuckwell, na mimi nimeolewa tu. Nikamwambia miaka thelathini na mitatu nakunywa chai ya maji ya bomba lako, damu gani imebaki yangu? Akasema nikaulize kamati. Kamati ikasema nani atapika chai.

5. Kwa hiyo nimebaki na kitabu chako. Nimefikiri hivi, na unisamehe kama nimefikiri kijinga. Katika klabu hii, kilichoandikwa ndicho kilichokuwa. Nimesoma Sura ya Kwanza kwamba klabu ilianzishwa mwaka 1893 na Kasisi Hobday "kwa kuipenda hewa safi." Kila mtu anajua kasisi huyo alifukuzwa kwenye klabu ya kuvingirisha matufe ng'ambo ya mto kwa kuongopa hesabu za alama, akarudi kwa hasira akachomeka vitao kwenye shamba la kabichi la dada yake. Sura ya Tatu unasema mbuzi wa mwaka 1911 hakula bendera. Bibi yangu alimwona na kona ya bendera mdomoni. Sura ya Sita unasema wakati wa vita uwanja "ulipumzika." Ulipandwa viazi, Bwana Lumley, na ulivila. Sikulaumu hata kidogo. Kitabu kizuri lazima kiwe na nafasi ya kusahau. Nasema tu kwamba penye nafasi ya mbuzi, panatosha mchezo mmoja mdogo wa fainali.

6. Ombi langu basi, na naliweka kwa hatua, uchague hatua ambayo dhamiri yako itaimudu:

Kwanza, andika kwamba mchezo ulikwisha. Mstari mmoja: "Ulikwisha mwaka 1949, Meja akashinda." Sisi hatutalalamika. Reg atanung'unika siku mbili.

Kama unaona Meja kushinda bila kupiga ni kumdhalilisha, andika kwamba mvua haikukoma. Ilinyesha kuanzia siku ile mpaka leo. Wajukuu watakaosoma watasema ajabu, lakini hawatabisha, hapa kwetu.

Kama mvua ni nyingi, andika kwamba fainali haikuwapo mwaka huo. Kikombe kipigwe msasa pale palipoandikwa 1949. Nitapiga mimi, nina msasa na siki.

Kama bado unasita kwa kuwa watu walimwona baba mkwe uwanjani, basi andika kwamba baba mkwe hakuwa mwanachama. Au, na hili nimelifikiria usiku kucha huku nalia kidogo, andika kwamba hakuzaliwa. Alikuwa mtu mtaratibu, asingependa kuleta usumbufu. Asipozaliwa yeye, Reg hana baba, Desmond hana babu, na kiti hakina wa kukirithi. Najua litamuuma Reg kuona hana asili, lakini yeye hasomi vitabu. Atalijua pole pole.

Na ikishindikana hata hilo, basi, Bwana Lumley, andika kwamba krokei haikuchezwa kamwe Nether Cobbing. Fikiria kwanza kabla hujakataa. Ondoa krokei kwenye kitabu chako, uone kilichobaki: chai, skonzi, kamati, mvua, nani alimkasirikia nani juu ya ufunguo wa banda. Kurasa mia na kumi na mbili, na krokei nimehesabu haijai nane. Kitabu hakitapungukiwa. Na mimi ambaye nimepika kila birika tangu mwaka 1946 nitaweka saini yangu mwanzoni kushuhudia kwamba chai, angalau, ilikuwapo kweli.

Sikuombi haya kwa ukorofi. Naomba kwa kuwa mwanangu ni mtu mzuri, na watu wazuri wa hapa kwetu huachwa wakae mpaka mtu agundue ni saa kumi na mbili kasoro. Sitaki Desmond agunduliwe hivyo. Nataka agunduliwe mlangoni mwa kanisa na msichana mwenye kicheko. Wewe una wino mwekundu, na una hadi Jumatatu. Mstari mmoja tu utamwinua, na hatakuwa amemkosea adabu mtu yeyote, kwa sababu hatakuwa ameinuka; atakuwa hakuwahi kukaa.

Nisalimie Bi Lumley, mwambie kitambaa chake cha meza kimetoka doa la jamu. Nisalimie Bi Garrick-Moss, hata hivyo. Nisalimie Bwana Pinnock ukikutana naye, na ukipata ujasiri umsalimie kwa sauti. Daktari Peregrine usimsalimie leo, asije akapoteza mawazo. Reg anakusalimu, hajui nimekuandikia.

Ni mimi mwenye kukuheshimu, na birika likiwa tayari saa tisa na nusu kama kawaida,

Winifred Tuckwell (Bi),
wa chai.

Nyongeza, saa kumi na mbili na robo jioni hii hii:

Bwana Lumley, nilikuwa nimeshalamba stempu. Desmond ameingia mbio bila kufuta viatu, kitu ambacho hajafanya tangu azaliwe, akasema, "Mama! Amepiga!"

Nikadhani amempiga mtu.

Wale wadudu wekundu wenye madoadoa waliojaa kila mahali mwaka huu, mmoja alimwuma Daktari shingoni akiwa ameishika nyundo karibu na tufe, akaruka, nyundo ikagonga. Tufe la buluu limekwenda likapiga chuma cha kitao cha nne, likarudi. Desmond anasema hata watoto walisimama. Daktari akasema, "Ah." Akatembea mpaka kitini, akasubiri Desmond ainuke, akakaa. Akasema, "Samahani kwa kukuweka, Bwana Tuckwell. Zamu yako."

Reg ameshuka ngazi bila fimbo. Bila fimbo! Akauliza, "Jekundu letu na buluu yao, umbali gani?"

"Hatua mbili, Baba."

"Fupi au ndefu?"

"Fupi."

Reg akakaa chini akashika kichwa. "Hizo ndizo hatari. Hatua kumi mtu hujihadhari. Hatua mbili fupi mtu hujiamini kwamba jekundu litagonga buluu, akakosa, na zamu ikarudi kwao. Usiguse kitu, mwanangu. Umechomeka vijiti?"

"Nimechomeka."

Kwa hiyo, tafadhali, yote niliyoandika hapo juu yafute. Baba mkwe alizaliwa, na kwa herufi kubwa ikiwezekana. Mvua ilikoma. Mchezo haujakwisha, na yeyote atakayeandika kwamba umekwisha atajibizana nami mwenyewe. Nimempigia Glenys kumweleza taratibu kwamba harusi ya tarehe kumi na moja huenda ikasubiri, nikiogopa kwamba atalia. Akauliza hatua ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Mpe Des simu." Nikasikia akimwambia, "Ukiharakisha kwa ajili yangu ukakosa pigo la hatua mbili, mimi siolewi na wewe. Keki itakaa, ina pombe."

Daktari naye muonee huruma, hajazoea kukaa. Ila asiseme "Enhe?"

Na kitabu kisiende Jumatatu. Kama lazima kiende, mwambie mpiga chapa aache kurasa arobaini nyeupe mwishoni mwa Sura ya Tisa. Desmond amepiga hesabu, anasema huenda zisitoshe.

W. T.